Kasha langu la bati limeshika kutu: bado lina thamani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mkomani, Lamu, na napenda sana filamu za kutisha. Binamu yangu anayeishi Minneapolis aliniletea diski ya filamu ya Blu-ray iliyo ndani ya kasha la bati. Aliniambia iliuzwa kwenye duka la Best Buy peke yake, na kwamba siku hizi watu wanaitisha dola mia moja. Niliifungua, nikaipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani pamoja na nyingine za kawaida. Mwezi huu nimeona vidoa vya kutu mgongoni mwake. Tena kwenye PlayStation ya rafiki yangu haichezi. Binamu anarudi Disemba, ananiuliza aniletee zipi. Je, nilicho nacho ni adimu kweli? Na nifanyeje nisizidi kukiharibu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka ulitoe kasha hilo kwenye zidaka. Liweke juu ya meza ya mbao, chumba cha juu, mbali na dirisha, kisha urudi.

Zidaka ziliwekwa kwa ajili ya vyombo vya kaure, na kaure haijali chumvi. Nyumba za mji wenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka ardhini, na maji yanapokauka usoni mwake, chumvi hubaki. Ndio ule unga mweupe mnaoufagia kila asubuhi chini ya ukuta. Bati jembamba likiegemea hapo, penye hewa ya bahari mchana na usiku, halihitaji mwaka kuanza kuliwa.

Nimeanza na ukuta kwa sababu swali lako la thamani na swali lako la kutu ni swali moja. Kampuni ya filamu inapotengeneza toleo la duka moja, mara nyingi diski yenyewe ni ile ile iliyomo katika kasha la plastiki la kila mtu. Filamu ni ile ile, na picha na sauti hazitofautiani. Kilichouzwa Best Buy peke yake ni bati na mchoro uliopigwa juu yake. Litoe bati, na mkononi utabaki na diski ya dola chache. Kwa hiyo kutu inakula sehemu ile ile inayolipiwa. Sisi watu wa pwani tunaokusanya vitu hivi tunanunua karatasi, kadibodi na bati, na hakuna vitu vitatu ambavyo hewa yetu inavimaliza upesi zaidi.

Sasa, kuhusu uadimu. Neno linalosema kitu kimeuzwa duka moja tu halina maana kwamba ni kichache. Best Buy ina mamia ya matawi Marekani, na toleo moja liliweza kuenea kwenye rafu zote hizo. Uadimu huja baadaye. Zile ambazo hazikuuzwa zinapunguzwa bei au zinarudishwa, mchoro ule haupigwi tena, na waliobaki nazo hawataki kuziachia. Kwa upande wa Best Buy kuna jambo jingine: mwaka wa 2023 walitangaza kwamba wanaacha kuuza filamu za diski, na 2024 wakaacha kweli. Tangu hapo makasha yenye alama yao hayaongezeki. Bei za baadhi zilipanda kwa sababu hiyo, lakini si za yote, kwa kuwa yale yaliyochapwa kwa wingi bado yamejaa majumbani mwa watu.

Kuhusu zile dola mia moja, angalia bei zilizolipwa. Bei inayoitishwa haikuambii kitu. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuna kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Mtu anaweza kuandika mia moja na kukaa nayo miaka mitatu, huku mwenzake ameuza kasha kama hilo kwa ishirini na tano. Tazama mauzo kumi ya mwisho, toa yale ambayo nailoni haijafunguliwa, toa yenye maelezo ya kubonyea, kisha soma yaliyobaki. Kasha lako limefunguliwa na lina kutu mgongoni. Nitakuambia ukweli kama ninavyomwambia mwanangu wa kumzaa: mia moja hiyo si yako. Lakini usilitupe wala usiliuze kwa hasira. Kutu iliyoshikwa mapema husimama.

Ukitaka kujua lipi la kuhangaikia, jiulize duka lilipewa nini ambacho wengine hawakupewa. Mara nyingi ni mchoro wa nje tu, na hapo lipa kwa kupenda mchoro. Mara nyingine duka lilipewa kasha la namna yake. Mwaka wa 2017 Target, ambao makao yao makuu yako huko huko Minneapolis kwa binamu yako, walitoa msimu wa kwanza wa Stranger Things ndani ya kasha lililofanana na kanda ya video ya zamani (VHS) iliyochakaa, na wakaliuza wao peke yao. Tamthilia ile ni ya Netflix, watu ambao kazi yao ni kuonyesha mtandaoni na ni nadra kutoa diski, ndiyo maana wakusanyaji waliikimbilia. Halafu yapo matoleo yaliyotiwa diski ya ziada yenye mahojiano au vipande vilivyokatwa, ambavyo havipo katika toleo la kawaida. Hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na ndiyo ambayo vijana wengi huyapita kwa sababu kwa nje yanaonekana ya kawaida. Bati likioza, diski ya ziada bado ina kitu ambacho hukipati pengine.

Umri au umaarufu wa filamu hauingii sana katika hesabu hii. Night of the Living Dead ya 1968 ni mama wa filamu za kisasa za wafu wanaotembea. Ilipobadilishwa jina kabla ya kutolewa, tangazo la hakimiliki likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Tangu hapo kila mwenye mashine ameichapa. Diski yake utaipata kwa bei ya kikombe cha chai, na ukiona mtu anaitisha fedha nyingi, ujue anauza kasha, diski ya ziada, au picha iliyosafishwa upya.

Je, utajuaje kwamba kasha kweli ni la duka fulani? Bati lenyewe kwa kawaida halisemi. Ushahidi uko kwenye kibandiko kilichobandikwa juu ya nailoni, na kwenye karatasi iliyogandishwa mgongoni yenye maelezo ya filamu na mistari ya bei (barcode). Vijana hufungua kwa furaha, wakatupa vyote viwili, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha lolote. Toleo la duka moja mara nyingi hupewa namba yake ya mistari, tofauti na ya toleo la kawaida. Namba hiyo, tarakimu kumi na mbili kwa bidhaa za Marekani, ndiyo unayoitafuta mtandaoni kuhakikisha. Kama karatasi yako ipo, ihifadhi ndani ya kasha. Kama ulikwisha kuitupa, basi; jifunze kwa lijalo.

Sasa hiyo PlayStation. Huenda hakuna kilichoharibika. Diski za filamu zimegawiwa maeneo ya dunia. Kwenye DVD tafuta picha ya dunia yenye namba: Marekani ni 1, Ulaya na Mashariki ya Kati ni 2, sisi Kenya ni 5. Kwenye Blu-ray ni herufi ndani ya alama ya pembe sita: Marekani A, Ulaya na Afrika na Mashariki ya Kati B, Uchina na India C. Mashine nyingi za michezo zinazofika huku zimetoka Dubai, nazo zinatii B. Diski iliyofungwa kwa A pekee haitafunguka humo hata uisafishe mara ngapi. Kampuni kubwa nyingi hazifungi Blu-ray zao, lakini kampuni ndogo zinazohudumia wapenzi wa filamu za kutisha, kama Scream Factory ya Marekani au Arrow Video ya Uingereza, hupewa haki ya nchi fulani tu, kwa hiyo hufunga sana. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray za kawaida, hazina maeneo kabisa. PlayStation 4 haiwezi kuzisoma. PlayStation 5 yenye mlango wa diski inazisoma. Kwa DVD mambo ni mepesi, maana mashine nyingi za bei rahisi za madukani kwetu hazijali namba.

Hapo ndipo ninapowashauri vijana wa pwani wamtazame zaidi jamaa aliyeko Uingereza kuliko aliyeko Marekani. Blu-ray za kule ni B kama zetu. Duka la HMV, lililofunguliwa London mwaka wa 1921 na likanusurika kufa mara mbili, 2013 na tena 2018 na 2019, limekuwa likitoa matoleo yake peke yake, mengine yakiwa na kadi za picha ndani. Utayaangalia bila kununua mashine nyingine.

Turudi kwenye kutu, maana hapa ndipo nilipolipa ada ya shule.

Nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video hapa Malindi. Mgeni mmoja wa hoteli aliniachia kanda tatu za kutisha kutoka Uingereza, zilizotolewa kabla ya sheria yao ya 1984, ile iliyolazimisha filamu za video zikaguliwe na kupewa cheti. Wakati huo sikujua kwamba kanda za kabla ya cheti zingekuja kuwindwa na wakusanyaji. Niliziweka stoo ya chini pamoja na mali nyingine. Zikaja mvua za El Niño, 1997 hadi 1998. Maji hayakuingia ndani hata tone, ila unyevu uliingia. Nilipofungua makasha, makava ya karatasi yalikuwa yamevimba na kushikana, na kupitia kidirisha cha kanda niliona kuvu nyeupe kwenye kingo za utepe. Nikafanya kosa la pili: nikaicheza moja nione kama imepona. Kuvu ikahamia kwenye vichwa vya mashine, na mashine ikaambukiza kanda nzima nilizocheza baadaye. Mpaka leo nikinusa stoo iliyofungwa muda mrefu, moyo hunishtuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Futa kasha kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu. Kwenye vidoa, chovya kijiti cha pamba katika mafuta ya cherehani, tone dogo kabisa, gusa kidoa chenyewe, subiri, kisha pangusa mpaka pakauke. Usikwangue. Usitumie ndimu na mchanga kama mnavyosugua shaba. Ndimu itabandua rangi na kuacha bati uchi. Mgongo ndio huanza kwa sababu hapo bawaba husogea kila unapofungua na rangi hupata nyufa usizoziona, basi lifungue taratibu, na usilifungue kila mgeni anapokuja.

Kisha tafuta sanduku la plastiki la chakula lenye mpira unaobana mfuniko. Kila kasha livishe mfuko angavu wa plastiki ile ngumu inayochakarisha, na mdomo wa mfuko uache wazi. Epuka plastiki laini inayonata yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni. Hiyo hutoa vitu vinavyoshika rangi na kuibandua. Ndani ya sanduku tia chembe za kukausha unyevu, zile zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu. Kusanya nyingi, maana kipakiti kimoja hakitoshi. Zikichoka, zitoe kwenye vipakiti na uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi kama 120 saa mbili au tatu. Mchele haufai kazi hii, na unaita mende. Ongeza kipima unyevu kidogo cha betri. Miongozo ya kuhifadhi diski husema unyevu uwe kati ya asilimia 20 na 50, na joto lisipite nyuzi 20. Joto hilo hatuna, tusidanganyane. Unyevu wa Lamu mara nyingi hupita 70, lakini ndani ya sanduku lililobana utaweza kuushusha mpaka 45, na kwa bati na karatasi hiyo ni salama kubwa.

Diski nazo zisimamishe wima. DVD ni vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na kitu kila kimoja, vimegandishwa pamoja, na kati yao kuna utando wa alumini. Gundi ikiachia ukingoni, hewa huingia na alumini huharibika. Ukiinua diski kwenye mwanga utaona mawingu au vitobo. Mengine ni makosa ya kiwandani: mwaka wa 2025 kampuni ya filamu ya Warner walikiri kwamba baadhi ya DVD zao za 2006 hadi 2008 zina kasoro. Ukinunua za miaka hiyo, zicheze zote mpaka mwisho kabla ya kulipa, au lipa kidogo.

Na jua lisifike. Nyekundu na njano huanza kupauka, na unajua mwenyewe filamu za kutisha zimepakwa rangi gani.

Kuna kitu kimoja ambacho nisingekileta pwani hata nikipewa bure. Mwaka wa 2002 kampuni ya Anchor Bay ilitoa The Evil Dead ndani ya kasha lililotengenezwa mfano wa kile kitabu cha laana kilichomo kwenye filamu, likiwa na ngozi ya mpira iliyofinyangwa na Tom Sullivan, aliyekitengeneza kitabu chenyewe cha filamu. Ni kazi nzuri mno, na kila mkusanyaji ameitamani. Lakini mpira ule hufa hata katika nchi za baridi. Hukauka, hupasuka, au hugeuka kuwa ute unaonata. Katika joto letu unaujua mwisho wake.

Kabla hujamsumbua binamu, hata hivyo, panda basi uje Malindi. Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, na wanapouza nyumba au kurudi kwao, vyombo huuzwa na diski hutupwa kwenye boksi la mwisho ambalo hakuna anayelitazama. Italia ndiko walikotoka Mario Bava, Lucio Fulci na Dario Argento, mwenye Suspiria ya 1977. Ndiko pia ilikozaliwa aina ya filamu za mauaji waziitazo giallo, yaani njano, kutokana na majalada ya njano ya riwaya za upelelezi ambazo wachapishaji Mondadori walianza kuzichapa mwaka wa 1929. Kule DVD nyingi ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti pamoja na jarida au gazeti, na hazikuingia madukani kwa sura ile. Kwangu mimi hayo ni matoleo ya muuzaji mmoja kama ya Best Buy, ila hakuna kelele juu yake. Nimewahi kulipa shilingi mia tatu kwa kumi na moja. Tazama kibandiko cha fedha kinachong'aa chenye herufi SIAE. Ndicho kilichothibitisha kwamba diski ni halali ya Italia. Tatizo ni kwamba nyingi hazina maandishi ya Kiingereza chini, lakini hapa Malindi hukosi jirani wa kukufasiria.

Popote ununuapo, geuza diski. DVD iliyochapwa kiwandani ni ya fedha au dhahabu upande wa chini, na kwenye duara la ndani karibu na tundu utaona herufi ndogo IFPI na namba. Ikiwa DVD inaonekana ya zambarau, mtu ameinakili nyumbani, hata kava liwe zuri kiasi gani.

Binamu sasa. Mwambie asiende kutafuta makasha ya Best Buy kwa wauzaji wa mtandaoni. Makao makuu ya duka hilo yako Richfield, pua na mdomo na mji anaoishi. Aanze na maduka ya mitumba ya hapo, Jumamosi mbili tatu, atazame rafu za filamu. Sioni mahali pazuri zaidi pa kupata kasha lililosahaulika kwa dola tatu. Kila analoliona akutumie picha ya kibandiko, ya karatasi ya mgongoni, ya alama ya eneo, na ya ndani ya kasha kwenye bawaba. Ikiwa ni Blu-ray yenye A peke yake, aiache, isipokuwa uko tayari kununua mashine. Akipata yenye diski ya ziada, ahakikishe diski hiyo imo. Ndiyo inayopotea kwanza.

Alizopata asizitie kwenye sanduku kubwa la ndege. Bati hubonyea, na bonde halirudi. Azibebe mkononi, kila moja ndani ya kipande cha kadibodi, katikati ya nguo. Yenye nailoni bado, ije na nailoni yake, na ikifika ufungue wewe: pitisha wembe upande wa mdomo wa kasha, kata kibandiko na nailoni yake pembeni, ukibandike kwenye kadi, ukiweke pamoja na ile karatasi. Wapo watakaokwambia usifungue kamwe. Kwa anayekaa Minneapolis sawa. Kwa joto letu nailoni hukaza, hukunja kadibodi, na hufungia ndani unyevu uliokuja nao. Tena filamu uliyoitafuta hivyo, nataka uitazame.

Piga picha ya mgongo wa kasha lako leo, mchana, karibu na kipande cha rula. Baada ya wiki nne ndani ya sanduku piga nyingine, unitumie zote mbili. Kidoa kikiwa hakijaongezeka hata milimita, tutazungumza juu ya kuliwekea nta.